Stuli Iliyoniangusha Mtihani

Leo mke wangu ameikalia tena ile stuli iliyoniangusha mtihani. Anamenya viazi, kama kawaida.

Ngojeni niwaambie.

Miaka ya sabini tulikaa Pumwani. Nilitoka Ukambani na tezo yangu, nikichonga twiga na simba wa kuuzia watalii. Biashara ikalala. Nikaenda ile ofisi ya serikali ya kutafutia watu kazi.

Mama wa pale akaniambia, "Kiwanda cha fanicha kinataka seremala mwenye cheti. Nenda ufanye mtihani wa ufundi."

Haya. Mtahini akasema kila mtu atengeneze stuli.

Wenzangu wakachukua mbao. Mimi nikachukua gogo, nikachonga kiti na miguu vyote pamoja. Kwetu stuli ni hivyo.

Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Viungo viko wapi?"

"Havipo."

"Basi umeanguka."

Nikaibeba nyumbani. Kesho yake nikamrudia yule mama, nikidhani atanifukuza. Akanitafutia darasa la kuunganisha mbao. Nikarudia mtihani, nikapita. Kiwanda kikatulisha mpaka nikastaafu. Namshukuru yule mama, kweli.

Sasa leo, mke wangu anaipigapiga hiyo stuli: "Baba Mutua, hii haijawahi kutikisika. Si unichongee nyingine nimpe mjukuu?"

Nikaitoa tezo chini ya kitanda.

Nikakaa nayo mkononi mpaka viazi vikaiva. Miaka yote hiyo ya kuunganisha mbao, kuchonga gogo nimekusahau; sikujua pa kuanzia.

Ameniita nikale. Hajauliza tena.

Wenzangu, nimwambie nini?