Kabureta Iliyokula Chokaa

Niliondoka Kabimba kwa sababu ya mihogo ya Mama Feza. Yeye na wanawake wenzake wanane walikuwa wamelima, wameloweka na kukausha, na sasa magunia yao kumi na manne yalikuwa vilimani, katika kibanda kisicho na kuta, yakisubiri gari langu. Mawingu ya mvua za kwanza yalishaanza kujikusanya kila alasiri. Muhogo mkavu ukilowa huota ukungu mweusi, na jasho la msimu mzima huishia jalalani. Niliwaahidi. Lakini gari langu, mzee wa silinda sita anayevuta kwa magurudumu yote manne, halikufika hata barabarani. Likiwashwa, linakohoa moshi mweusi na kuzima.

Fundi Kasongo, anayelitengeneza miaka yote, alitoa hukumu bila kuinama. "Kabureta imezeeka, Papa Mukalayi. Inatakiwa mupya." Fundi wetu hupima ugonjwa wa gari kwa sikio moja, mikono ikiwa mfukoni.

Jumatatu alfajiri nilipanda pikipiki ya kukodi kuelekea kusini, kabureta ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa. Fundi alinicheka kwa kubeba chuma cha bure. Ndugu zangu mnaosoma, msicheke naye. Anayekwenda kununua kabureta bila ile ya zamani mkononi ni kama anayemnunulia mwenzake viatu bila kujua mguu wake.

Saa nne nilikuwa Kalemie, sokoni. Muuzaji wa kwanza alinitolea kabureta inayong'aa kama kikombe cha bibi harusi. Akasema inaingia kwa gari zote. Nikamwuliza ilitengenezwa kwa motere gani, yaani injini ipi. Akaniwekea mkononi nisikie uzito wake. Kwa kipimo hicho, jiwe la kusagia lingeendesha lori.

Tuelewane hapa, kwa kuwa jambo lenyewe si gumu. Kabureta huchanganya hewa na esansi, yaani petroli, basi. Nilizigeuza zote mbili, nikalinganisha kitako kwa kitako. Matundu manne ya boliti yalikubaliana, na muuzaji akatabasamu kama aliyeyachonga yeye. Lakini koo la kabureta yangu linapitisha vidole viwili; la kwake lilikataa hata kidole gumba. Ingefungika vizuri sana, na gari lingefia kwenye kilima cha kwanza. Kisha nikashika ule mhimili mdogo unaofungua koo, nikautikisa. Ulicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Iko mupya, na inatikisika?" nikamwuliza.

"Wateja wengine hawatikisi, Papa."

Nilimwamini. Wauzaji watatu waliofuata walikuwa na mng'ao uleule na maelezo yaleyale.

Saa nane nilielekezwa kwa Papa Ramazani, ambaye babu zake walifanya biashara kuvuka ziwa, na mwanawe bado huleta vipuri vilivyotumika kutoka Kigoma. Hakunionyesha kitu. Alidai ile ya zamani kwanza, akafungua kifuniko, akakwangua kwa ukucha. Yakatoka magamba meupe ya chokaa.

"Papa, humu munajenga nyumba?"

Nikainama kuyatazama.

"Filtri ya hewa iko wapi?"

Nikamweleza kwamba kwetu vumbi la chokaa huziba chujio hilo kila wiki, kwa hiyo Fundi Kasongo alilitoa ili motere ipumue. Magari mengi ya Kabimba yako hivyo. Tunauona ni ujanja wa kwetu.

"Na wewe ulikubali?"

"Nilikubali."

"Basi haikuzeeka. Muliiua."

Akatoa kabureta moja iliyofifia, isiyo na sura. Koo lilikuwa sawa na la yangu, mkono unaovutwa na waya wa kanyagio uko upande uleule, mhimili umetulia kimya. Nikanyoosha mkono, akairudisha kifuani. Haiuzi, akasema, bila chujio na kasha lake, maana hapeleki kitu chake kwenda kufa. Tangu asubuhi nilikuwa nimedharau watu wanne, na wa tano alinidharau mimi. Alikuwa na haki. Nilichukua vyote.

Jumanne upepo ulizuia boti niliyotaka kurudi nayo, na usiku mvua ya kwanza ikanyesha.

Jumatano jioni, Kabimba. Fundi Kasongo alifunga kabureta vizuri, maana mikono yake ni hodari ikishatoka mfukoni. Kisha akaliweka chujio kando, akaeleza kwamba watu wa Kalemie hawajui vumbi letu. Nikalifunga mwenyewe. Motere ikashika mara moja.

Alhamisi tulipanda vilima bila kikohozi. Kibandani, magunia kumi na mawili yalikuwa makavu. Mawili ya chini yalishakuwa meusi. Mama Feza aliyatazama, kisha akaniuliza mbele ya wenzake wote.

"Fundi alisema gari ilizeeka. Ni kweli?"

Ningeweza kuitikia tu, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana, Mama. Tuliondoa filtri. Tuliiharibu sisi wenyewe."

Akafikiri kidogo. "Basi hii mbili ni yenu, wewe na fundi wako. Utatupatia mbili ya muzuri kutoka kwako."

Nilitoa.

Wenzangu wenye magari ya kale, kabureta inachagulika. Pimeni koo, linganisheni matundu, tikiseni mhimili, na mng'ao muwaachie wauzaji. Chujio likijaa vumbi, likung'uteni kila wiki. Limejaa kwa sababu linafanya kazi. Na kabla ya kutafuta mpya, ulizeni ya zamani ilikufa kwa mkono wa nani.

Gunia moja jeusi nimelipeleka kwa Fundi Kasongo. Alilipokea mlangoni kwa furaha, akanishukuru sana. Alikuwa bado hajalifungua.