Kiganja cha Mgonjwa

Hasira yangu ya mwaka ule niliwagawia watu wengi, na wengine hawakuistahili. Naandika sasa kwa kuwa imepoa kidogo. Haijaisha.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Tumbo limemtoka mbele, chooni naona minyoo. Dawa za shuleni alimeza, minyoo ikarudi. Likizo ya Juni tukaenda Nyololo kwa mama mkwe, ambaye watu wa pale walimfuata kwa dawa ya minyoo tangu mume wangu hajazaliwa. Ni mmea wa majani machungu, alikuwa nao nyuma ya jiko. Jina silitaji, maana najua kuna mtu atasoma leo, kesho atachemsha.

Sharti lake lilinichekesha. Majani makavu lazima ayachote mgonjwa mwenyewe, kwa mkono wake, kiganja kimoja, asiongezewe. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nikasema moyoni, hizo ni mila tu. Asubuhi mbili binti akachota, akanywa, akakunja uso, bibi yake akamwita shujaa. Minyoo ilitoka, niliiona. Tukafungiwa majani kwenye gazeti, tukamalizie siku tatu nyumbani, Ipogolo.

Nyumbani mtoto akagoma hata kuyagusa. Mimi nachelewa kazini, ubishi wa nini? Nikachota mwenyewe. Nikachemsha mpaka maji yakawa meusi, nikiamini ikikolea ndiyo itamaliza kabisa. Siku tatu.

Wiki haikuisha, macho yake yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Hospitali wakapima damu. Daktari akasema ini limeumia, akauliza nimempa nini. Nikajibu, dawa ya bibi yake.

"Hawa bibi zetu watatumalizia watoto," akasema, akaendelea kuandika.

Hakuuliza jani gani, kiasi gani, nani kapima. Nilimchukia kwa hilo. Mume wangu akampigia mama yake palepale koridoni, watu wote wanasikia, akamwambia asimpe tena mtu yeyote yale majani. Mama mkwe alisema, "Sawa, baba," akauliza kama mtoto anakula.

Kisha nesi akamweka binti yangu kwenye mzani. Kabla ya kumpa chochote, uzito kwanza. Nikasimama pale natazama ile namba, ndipo nikaelewa kiganja kilikuwa cha nini. Mkono mdogo, dawa ndogo. Sikumwambia mtu.

Alipona, taratibu. Krismasi tukarudi Nyololo. Nyuma ya jiko mama mkwe alikuwa ameng'oa kila kitu, kapanda viazi. Jirani mmoja, aliyetibiwa pale yeye na wanawe wote, akanisimulia huku anacheka kwamba tangu mama awaambie watu kwa nini hatoi tena dawa, kanisani wanamwita Mama Sumu.

Mama mkwe aliniuliza tukiwa tunamenya viazi, bila kuniangalia.

"Alichota mwenyewe?"

"Hapana, mama. Nilichota mimi."

"Nilijua tangu ile simu."

Nilikasirika kuliko siku zote. Nikamuuliza mbona hakujitetea, anaachaje mtoto wake amfokee mbele za watu.

"Mwenye mgonjwa hasemwi," akasema. "Menya hivyo, usiache macho."

Mchana, mume wangu akiwa ananawa mikono, mama yake anapakua ugali, nikamwambia yote. Alibaki na mikono inachuruzika. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia ukweli: ilikuwa rahisi akosee mama yako. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alimgeukia mama yake akamwomba radhi, naye akamwambia ugali unapoa, watu wa kanisani tuwaache, mtoto si mzima?

Kwangu haikutosha. Jumapili baada ya ibada nikamfuata yule jirani nje ya kanisa, wenzake wakiwepo, nikamwambia dawa ilipimwa vizuri na mama, aliyekosea ni mimi, na hilo jina la Mama Sumu alimeze.

Akafikiri kidogo. "Kumbe. Basi mwambie anipe tena, wajukuu wangu wana minyoo."

Nikamwambia mama hapandi tena, na mimi simwombi apande, kwa sababu wenye haraka kama mimi ni wengi. Awapeleke zahanati wakapimwe.

Alininunia. Mpaka leo nikipita hanisalimii. Mama mkwe anasalimiwa, tena kwa kuinamiwa.