Khamisa na Mgonjwa Asiyeweza Kupasuliwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Nakuru. Khamisa Darweshi anamimina chai ya maziwa katika wodi ya wanawake. Kikombe cha kwanza ni cha Anyango, wa kitanda cha mwisho.

"Kunywa polepole, mama," anamwambia. "Hakuna anayekukimbiza."

Khamisa, miaka thelathini na minane, ni mhudumu wa wodi tangu 1949. Anafua shuka, anaosha wagonjwa. Vitanda ni ishirini na viwili, wahudumu wawili.

Anyango, mke wa Joash, fundi wa reli, aliletwa Machi mwaka huu wa 1956 akivuja damu. Daktari aligundua saratani ya mlango wa kizazi. Moyo wake ulikuwa dhaifu, kupasuliwa kungemuua. Hata safari ya Nairobi, kutibiwa kwa miale ya radiamu, asingeiweza. Joash akaambiwa amrudishe nyumbani.

"Nilimuuliza daktari, akipata nguvu je?" anasimulia Khamisa. "Akasema damu mwilini ikiongezeka, atamwandikia barua akapewe radiamu kidogo Nairobi. Nikamwambia Joash, mwache hapa."

Kwa wiki tano alimlisha uji, maini na mayai, kijiko kwa kijiko. Joash alileta wenzake wanne kutoa damu. Wawili walipoona sindano walirudi kazini. Khamisa akatoa chupa moja yeye mwenyewe.

"Jirani aliniuliza kwa nini nimempa Mjaluo damu yangu. Nikamjibu, ile chupa haina kabila."

Mei wakapanda treni, Anyango amelala mapajani mwa Khamisa. Nairobi aliwekewa radiamu mwilini, akatakiwa kulala bila kugeuka siku nzima. Kwa sababu ya ile miale, hakuna aliyeruhusiwa kukaa naye.

"Aliniita, nami niko nje ya mlango, siwezi kuingia," anasema Khamisa. "Hiyo ndiyo siku iliyonishinda."

Siku ya tisa baada ya matibabu damu ilikoma, wakarudi Nakuru. Daktari hasemi amepona. Anasema uvimbe umepungua. Jumamosi hii Anyango anakwenda nyumbani.

"Nilikuwa nimeshachagua nguo ya kuzikiwa," anasema Anyango. "Jumapili nitaivaa kanisani."

Khamisa anataka kupita kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kuwaambia wanawake waje mapema wakiona damu isiyo ya kawaida. Ameshaomba ruhusa kwa msimamizi wa wauguzi.

"Anyango ndiye atakayezungumza," anasema. "Mimi nitambebea kiti."