Marahaba ya Consolata

Consolata alihama Newala akiwa msichana, akaja Lindi kuuza mitumba, na kufikia mwaka ule wa kanivali alikuwa akisema Kiswahili cha pwani kuliko wenye pwani yao. Haikumjia bure. Alijizoeza peke yake mpaka lafudhi ya Kimakonde ikamtoka mdomoni, na mtu akimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Hapa hapa," huku akiangalia pembeni.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imelegeza masharti ya biashara. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na nyuma yake yakaja makorokoro yote ya Dubai: hereni pana, bangili za plastiki, mikufu ya dhahabu isiyo dhahabu. Wafanyabiashara wa mjini nao wakaona waandae kanivali, kila kikundi kipite barabarani na sare yake na ngoma yake. Akina mama wa kikundi cha Tupendane wakampa Consolata kazi ya kuchagua mapambo, maana jicho lake la rangi lilisifika soko zima. Yeye, mtu wa kuja, awachagulie wenye mji vya kuvaa shingoni! Alifurahi hata chakula kikamshinda.

Siku ya kwenda dukani, mwenyekiti wao, Bi Zuwena, ambaye babu zake wamezikwa hapo hapo Lindi, akasema wataongozana. Consolata alikuwa na mgeni nyumbani, mama yake mzazi, Agnes, aliyeshuka jana yake kutoka Newala na kuku wawili.

"Mama, wewe pumzika. Sokoni kuna vurugu," alimwambia.

Vurugu gani! Agnes alikuwa na chale mashavuni na ndonya, kile kipande cha mpingo wanachovaa wanawake wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu, na bintiye hakutaka kuonekana naye. Huo ndio ukweli wenyewe.

Dukani kwa Majid, Consolata alipanga mikufu mezani kama mtu aliyezaliwa sonara. Alipotaka kuipatanisha na kipande cha kanga ya sare, akapekua kikapu, hakukiona. Amekisahau nyumbani. Kabla hajajua la kufanya, mama yake akatokea mlangoni nacho, kimekunjwa vizuri, ameulizia njia mpaka hapo. Mama wa watu alikuwa amejipamba kwa ajili ya mjini: kanga safi, na ndonya imepakwa mafuta, inang'aa kuliko chochote pale mezani.

Majid akakodoa macho. Bi Zuwena akauliza, kwa wema tu, "Nani huyu, Consolata?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Ananisaidia kazi za nyumbani."

Wanasema mwacha asili ni mtumwa. Huyu aliiacha asili, utumwa akamtwisha mama yake.

Agnes alisikia. Kiswahili alikijua vizuri, tangu enzi za kuuza korosho. Hakukunja uso. Akamkabidhi bintiye kitambaa kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo, kama mtumishi mbele ya bibi yake.

"Hiki hapa, mama. Shikamoo."

Na Consolata, Mungu amsamehe, akaitika. "Marahaba."

Neno lilitoka kabla hajalizuia. Mkufu uliokuwa mkononi kwa Bi Zuwena ukarudi mezani.

"Mtu mzima huyu akuamkie wewe, nawe uitikie? Umelelewa na nani?"

Hakungoja jibu. Akautengeneza ushungi wake, akainama mbele ya yule mzee. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Agnes akasema, akamgusa begani kwa upole. Kisha akageuka, akatoka.

Consolata alifungua mdomo amwite. Neno lenyewe lilikuwa fupi, hata mtoto mchanga huanza na hilo. Lakini Bi Zuwena alikuwa akimtazama, na kumwita mama sasa kulikuwa ni kukiri kila kitu.

"Dada, tufunge ipi?" Majid akauliza.

"Ya njano," Consolata akasema, huku ameinamia mikufu ili wasimwone usoni. Nje, mama yake alikuwa ameshavuka barabara.