Mkono Niliouinua

Asubuhi ile tulikuwa tunafua. Ndahani alikuwa amekunja suruali ya jeshi hadi magotini, mikono imezama kwenye karai, akinitania kwamba Warangi tunafua kama tunaogopa maji. Nikamwambia kwamba Mgogo aliyekua akichimba mchanga wa korongo ndipo apate ndoo moja hana la kunifundisha kuhusu maji. Alicheka mpaka sabuni ikamponyoka.

Ulikuwa mwezi wetu wa nne katika nchi jirani, upande wa magharibi, miongoni mwa askari waliopelekwa kulinda amani. Mimi nilikuwa koplo na muuguzi. Yeye alikuwa dereva, lakini kabla ya jeshi alifundisha fizikia kwa kujitolea katika sekondari moja karibu na kwao Ihumwa, na ualimu haukumtoka. Akiona watu wanasukuma gari lililokwama, anaanza somo. "Kani ina ukubwa na ina mwelekeo," alikuwa akiwaambia. "Nyie mna ukubwa tu." Wenzetu walimchoka. Mimi sikumchoka. Niseme wazi, maana siku hizi hakuna wa kunicheka: nilimpenda, na sikumwambia.

Mchana tulitoka na magari mawili kupeleka dawa kwenye kambi ya wakimbizi. Ndahani aliendesha gari la nyuma, mimi nikiwa pembeni yake. Barabara ilikuwa tupu, na hilo lilitosha kututia wasiwasi.

Kwenye kalvati la pili, gari la mbele lililipuliwa.

Kisha risasi.

Ndahani alifungua mlango akaanguka chini. Nilimzungukia, nikamvuta nyuma ya gurudumu. Damu ilikuwa ikimtoka kwenye kinena, juu kabisa ya paja, mahali ambapo mkanda wa kuzuia damu haufungiki.

Nilishindilia bandeji ndani ya jeraha. Nikakandamiza kwa viganja viwili.

Redio ilikuwa ikisema, "Shikilieni hapo hapo. Nguvu inakuja." Jeshini nguvu ni hesabu: askari wangapi, magari mangapi ya deraya, silaha gani. Niliielewa hivyo, na nilishukuru kuisikia.

Lakini mikono yangu ilianza kulegea, na damu ikapenya kati ya vidole.

"Unatumia misuli," Ndahani alisema.

"Nyamaza."

"Misuli inachoka, Mwanaidi. Nyoosha mikono. Njoo juu yangu, uache uzito ushuke wenyewe."

Nilipiga magoti vizuri, nikanyoosha viwiko, nikaegemeza mwili mzima juu ya viganja. Damu ikasimama.

"Umeona? Uzito hauchoki," alisema. "Leo nashukuru ulivyo mnene."

Chuoni walitufundisha kwamba nguvu ya muuguzi ni ndogo na ina subira. Ni kidole gumba juu ya mshipa, ni kiganja kinachopokea kichwa cha mtoto anayezaliwa bila kukivuta. Kwa jeraha la namna ile, kutoachia ndiyo dawa yenyewe. Nililijua hilo kwa muda mrefu, ila sijawahi kulijua kwa magoti kama siku ile.

Sijui tulikaa muda gani. Jua lilihama kutoka usoni pangu likaja shingoni. Aliniuliza kama tukirudi nitakwenda Ihumwa kula mlenda wa mama yake. Nikasema nitakwenda. Akasema, "Basi usije ukaomba nyama." Nilikuwa na hofu kubwa, na papo hapo nilikuwa na furaha.

Risasi zilikoma. Magari ya deraya yakafika, mengi, kama redio ilivyoahidi. Askari wakateremka mbio kuelekea vilimani. Meja aliyewaongoza akaja kwetu, buti zake zikasimama mbele yangu.

Niliinua mkono wa kulia nikapiga saluti.

Sikufikiri.

Saluti haishushwi mpaka mkubwa aipokee. Meja alikuwa ametazama vilimani.

Mkono wangu ulibaki kwenye paji la uso.

Kisha akapokea.

Niliposhusha mkono, bandeji ilikuwa imeshanyanyuka. Wa kushoto peke yake haukutosha. Nilikandamiza tena, nikanyoosha viwiko, nikashusha uzito wote nilionao, na damu haikusikia. Ndahani alikuwa ananitazama. Yeye ambaye hakuwahi kuliacha kosa la mtu bila kulisahihisha, lile aliliacha.

Alifariki ndani ya gari, kabla hatujafika kwa daktari.

Kanuni inasema anayehudumia majeruhi hapigi saluti. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo askari wapya. Lakini miezi yote ile ya gwaride ilikuwa na kazi moja, kuufanya mkono utii kabla kichwa hakijaulizwa, na waliotufunza waliifanya kazi yao vizuri. Hakuna aliyenishika mkono ule akauinua. Daktari aliniambia mshipa ulikuwa umekatika vibaya, labda asingepona hata hivyo. Ninaishi na hiyo labda. Sisemi nilimuua, wala sisemi sikumuua.

Niliacha jeshi. Sasa nafanya kazi katika zahanati moja, na nimepanga chumba Mkonze, chenye kiti kimoja kwa kuwa sina mgeni. Jumapili moja ya kila mwezi nilikuwa nakwenda Ihumwa kwa mama yake. "Shikamoo, mama," nilikuwa nasema nikipiga goti, naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kwingine kote niliitwa nesi. Kisha ananipakulia ugali na mlenda, na jirani akipita anamwambia, "Huyu ndiye aliyemshika mwanangu mpaka mwisho. Hakumwachia."

Miaka sita nilikula chakula kile na uongo ule.

Masika yaliyopita nilimwambia. Alikuwa anachambua mbegu za karanga kwenye ungo. Nilimweleza yote, meja, mkono, bandeji. Vidole vyake vilisimama.

"Huyo mkubwa wenu," aliuliza, "aliitikia upesi?"

"Hapana, mama."

"Na wewe ukamngojea."

"Nilimngojea."

Akarudi kwenye karanga zake. Hakunifukuza. Nilikaa mpaka ungo ukaisha, nikaaga, nikaondoka bila kula.

Mwezi uliofuata nilijilazimisha kwenda. Njiani nilitaka kushuka mara tatu. Nilimkuta ameketi mlangoni, ametazama upande wa reli. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Treni ya mizigo ilipita, mabehewa yote, na vumbi lake likatulia. Goti liliniuma. Sikuinuka.

"Marahaba," alisema.

Nilingoja neno la pili. Halikuja. Alisukuma kigoda kwa mguu kuja upande wangu, nikakaa.