Neno Nililompa Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikikaa peke yangu hapa Nyakato, Mwanza, lazima inirudie. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mvua imetoka kunyesha, na meneja wetu akaniita ofisini kwake akiwa na karatasi tupu mezani. Nakusimulia leo kwa sababu umeniambia umepata kazi ya kuwaandikia wakubwa barua na matangazo. Nimefurahi. Lakini kaa kidogo unisikilize, maana kazi hiyo niliifanya mimi kabla yako, na ndiyo iliyonipotezea mtu ambaye sijapata mwingine wa kukaa mahali pake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha nguo, kiwanda cha umma. Redioni tulikuwa tunasikia maneno mapya kila siku: soko huria, ubinafsishaji, wawekezaji. Tuliyasikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mkoa mwingine. Mashine za kufuma zilikuwa zinazimika moja moja kwa kukosa vipuri, na sisi bado tunasema, serikali italeta.

Huyo mtu ninayekuambia aliitwa Kabula. Tulitoka kijiji kimoja, ng'ambo ya Kamanga, upande wa Sengerema. Tulivuka na kivuko siku moja kuja kutafuta kazi, mimi nina cheti cha kidato cha nne, yeye ameishia darasa la nne. Mimi nikawekwa ofisini, yeye akapelekwa kwenye mashine. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili ambao aliwaacha kwa mama yake. Tulipanga vyumba vinavyotazamana katika nyumba moja, na Kiswahili tulikiacha getini kwa kiwanda. Tukifika nyumbani ni Kisukuma mpaka tunalala. Kwa Kisukuma ndiko tulikochekea, tukasengenyea watu, tukalilia waliotufia. Kiswahili cha Kabula kilikuwa cha kazini tu: fungua, funga, uzi umekatika.

Basi asubuhi ile meneja akaniambia, "Kiswahili chako ni kizuri. Niandikie tangazo. Idara ya ufumaji inafungwa, mashine zinauzwa, watu wake hawatarudi. Lakini liandike wasishtuke."

Niliandika kama alivyoniambia: wafanyakazi wa idara ya ufumaji wameachishwa kazi. Akasoma, akalipiga mstari.

"Ukiandika hivi watavunja vioo," akasema.

Nikakaa nikafikiri. Kisha nikaandika kwamba wafanyakazi wa idara ya ufumaji wanapumzishwa kupisha mabadiliko ya kiwanda. Alisoma mara mbili.

"Wanapumzishwa," akasema taratibu. "Hapo sawa. Hata mimi nisingelipata hilo."

Sitakuficha, mwanangu. Nilitoka mle ofisini nikijiona mtu. Tangu shule ya msingi nilikuwa nasifiwa kwa insha, na leo insha yangu ilikuwa inaokoa vioo vya kiwanda kizima. Tangazo likabandikwa ubaoni. Watu wakalisoma, wasiojua kusoma wakasomewa. Hakuna aliyeokota hata jiwe. Wengine walitaniana kwamba angalau sasa watalala mpaka jua lichomoze.

Jioni Kabula akaja chumbani kwangu. Nilikuwa nachambua mchele. Akakaa kitandani, akaniuliza kwa Kisukuma, "Wewe ndiye uko ofisini. Niambie, tumefukuzwa au tutarudi?"

Swali hilo kwa lugha yetu lilikuwa na majibu mawili tu. Neno la kufukuzwa kazi lilikuwa ni lile lile la kumfukuza ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi ya watu. Nilitafuta neno la katikati, la kumwambia bila kumwambia, na kwa Kisukuma sikulipata. Kwa hiyo nikamjibu kwa Kiswahili.

"Mmepumzishwa. Subirini tangazo lingine."

Akanitazama. "Kupumzishwa," akarudia, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Kisha akasema, "Basi nitasubiri."

Wiki hiyo hiyo binamu yake anayekaa Kirumba akaja kumtafuta. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaajiri wanawake wa kukata sangara, na yeye alikuwa ameshaingia kimojawapo. Nilikuwepo akisema.

"Twende kesho, msimamizi ananifahamu. Wiki ijayo nafasi zitakuwa zimejaa."

Kabula akanigeukia. "Unaonaje? Nikienda kwenye samaki halafu huku wakatuita, si mashine yangu atapewa mwingine?"

Hapo Mungu alikuwa amenipa nafasi ya pili. Nilichosema ni, "Fanya unavyoona mwenyewe." Akabaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo nimechukua miaka mingi kulielewa. Sikujiona mwongo. Ningejiona mwongo labda ningeamka, nikavuka uwanja, nikamwambia. Lakini lile neno lilikuwa limenifumba macho mimi kwanza. Kila siku ofisini niliandika waliopumzishwa, nikasema waliopumzishwa, nikapanga majalada ya waliopumzishwa, mpaka nikaanza kuwaona hivyo. Nikimkuta Kabula amekaa mlangoni saa nne asubuhi, mikono mapajani, moyoni najiambia anapumzika. Mtu aliyekuwa hajapumzika tangu nimjue.

Kila Jumatatu alioga mapema, akavaa gauni lake la kazi, akaenda getini kuuliza. Mlinzi akamrudisha. Ikaenda hivyo miezi minne. Jumatatu moja akakuta malori yanapakia mashine, zimefumuliwa, zinakwenda kuuzwa kama vyuma chakavu. Alisimama pale akaitambua ya kwake kwa kitambaa alichokuwa amefunga kwenye mpini. Mlinzi ndiye aliyenisimulia. Alisema hakulia, aliuliza tu kama anaweza kukichukua kitambaa chake.

Alikwenda Kirumba kuuliza, nafasi zimejaa. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba chake kimefagiwa na mlango uko wazi. Hakuniaga.

Nyumba yetu ilikuwa ya wafumaji watupu. Wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na wale waliobaki walinisalimia vizuri tu, lakini nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Kiwanda kikapata mmiliki mpya, mimi nikabakizwa ofisini. Nilikuwa na kazi, nina chumba, nina redio. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba mchele umeungua. Nikaanza kuongea Kisukuma na masufuria.

Mwaka wa tatu nikajikaza, nikavuka Kamanga. Nilimkuta uani, yeye na mama yake wanakata viazi vya kukausha michembe. Nikawasalimia kwa Kisukuma. Mama yake akafurahi, akanishika mikono, akaniuliza habari za watu wote. Kabula akainuka, akajifuta kwenye khanga.

"Karibu sana," akasema kwa Kiswahili. "Habari za Mwanza? Mmeamkaje huko?"

Nikamjibu kwa Kisukuma. Akaniletea kigoda, akasema, "Karibu ukae." Akamgeukia mama yake wakaongea kwa Kisukuma habari za viazi, akawaita watoto kwa Kisukuma waje kunisalimia, akirudi kwangu ni Kiswahili. Kiswahili kizuri, kimenyooka kuliko zamani. Alikuwa ananipokea kama afisa aliyekuja kukagua mashamba.

Mama yake alipoingia ndani nikamwambia, "Kabula, nilijua. Tangu siku ya tangazo nilijua. Lile neno niliandika mimi."

Aliendelea kukata kiazi mpaka kikaisha.

"Najua uliliandika wewe," akasema. "Hilo la tangazo sina neno nalo, ulikuwa kazini. Lakini jioni ile nilikuuliza kwa lugha yetu, wewe ukanijibu kwa tangazo."

Nikamwomba msamaha, kwa Kisukuma. Akasema amenisamehe, kwa Kiswahili. Akanisindikiza hadi barabarani, akanipa michembe kwenye mfuko, kama anavyopewa mgeni, akanitakia safari njema. Kwenye kivuko nilikaa upande wa nyuma, nikageuza uso kwenye maji ili watu wasiniulize kitu.

Niliahidi kurudi. Sikurudi. Nilijiambia nasubiri likizo, nasubiri mavuno, na unaona, hata hapo nilikuwa najitafutia maneno. Miaka ikaenda. Mtu mmoja wa kwetu aliyevuka kuja hospitali ndiye aliyeniambia kwamba Kabula amefariki na matanga yameshaondolewa.

Kwa hiyo mwanangu, andika. Sikukatazi. Wakubwa watakutaka uwape maneno laini, na wewe unayo, ninasoma barua zako naona. Lakini kabla hujaweka neno kwenye karatasi, liseme kwanza kwa lugha uliyonyonya kwa mama yako, ukimfikiria mtu atakayesomewa. Likikataa kutamkika kwa lugha hiyo, ujue kuna kitu unakificha, na wa kwanza kufichwa utakuwa wewe. Na siku mtu wako atakapokuuliza jambo ana kwa ana, usimpe la ofisini. Mwambie lilivyo, hata kama litamliza mbele yako. Akilia mbele yako bado mko wawili.

Mungu akutangulie katika kazi yako, mwanangu. Akupe kauli njema na ya kweli, akupe umri uzeeke, na ukizeeka akujalie nyumba yenye mtu wa kuongea naye.