Utepe wa Bibi Sindano

Zamani mtoto akipiga kelele usiku, milango sita ilifunguka kabla hajavuta pumzi ya pili. Siku hizi milango inabaki imefungwa, na kinachofunguliwa ni simu.

Hivyo ndivyo kijana wa ghorofa ya juu alivyorekodi kelele za mtoto Kifungo akiwa amejilaza kitandani kwake. Hakushuka kuuliza kuna nini. Aliirusha sauti ile kwa shangazi wa mtoto, karani wa benki, na Jumapili iliyofuata shangazi alisimama mlangoni kwa Bibi Sindano bila kuvua viatu.

"Mama, mtoto anapigwa humu?"

"Mwanangu, karibu ndani kwanza."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Jumapili ijayo nakuja na begi. Nimeshaongea na kaka, yeye na mkewe wamekubali."

Bibi Sindano alikuwa mshona sare za shule. Chumba chake kilitazamana na changu: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ya kukatia nguo, kitanda, na misumari ukuta mzima. Kila msumari ulining'iniza utepe wa kitambaa, na kila utepe ulikuwa mtu. Hakuandika kipimo hata kimoja. Bega lilikuwa mshono wa kijani, kiuno mshono wa njano, na ukimrudia baada ya miaka mitatu alipapasa utepe wako na kukuambia, "Umenenepa, baba, na usinibishie." Leo nenda dukani uone: wadogo, wa kati, wakubwa, basi. Binadamu wote wamekuwa watu watatu.

Kifungo alikuwa mjukuu wake, binti wa binti yake. Umri wake miaka minne, mdomo kama redio. Wazazi wake walifanya kazi mji mwingine, naye alilelewa na bibi. Alikuwa ameanguka ngazini na kuvunjika mkono, akafungwa plasta ya wiki sita. Tangu siku ile bibi alimtundikia utepe wake: kila usiku mshono mmoja mweupe, ili mtoto aone siku za plasta zikipungua. Akimpa dawa ya maumivu wakati wa kulala, aliongeza mshono wa buluu, maana alijijua kwa kusahau na aliogopa kumpa mara mbili.

Halafu zikaanza kelele. Saa moja hivi baada ya kulala, mtoto aliketi wima, macho wazi, akapiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ukimwita hakujui. Ukimshika anakusukuma. Baada ya dakika kumi analala kama gunia, na asubuhi anauliza chai, hakumbuki lolote. Bibi akaongeza uzi mwekundu kwa kila usiku wa kelele.

Baada ya shangazi kuondoka, Bibi Sindano alikuja kwangu na utepe ule mkononi.

"Jirani, wewe umesoma magazeti yote ya dunia hii. Nisaidie. Wakimchukua huyu mtoto nitabaki nashona nini?"

Sikusoma shule zaidi ya darasa la nne. Nilichojua nilikiokota kiwanda cha kuchapa magazeti, nikipanga herufi za risasi zilizogeuzwa, miaka thelathini na minane, mpaka mashine zilipotufukuza. Niliushika utepe, nikavaa miwani, nikaufuata kwa kidole.

"Mama, habari njema. Mwanzoni nyekundu tele, mwishoni hakuna hata moja. Dawa inamponya. Endelea nayo."

Alinitazama kama anayetazama mfuko ulioshonwa mgongoni.

"Jana kapiga kelele mpaka bwana wa juu kagonga sakafu kwa ufagio, wewe unaniambia kapona? Umeushika kinyume. Fundo ndilo mwanzo."

Mazoea hayana dawa: nilikuwa nimeusoma utepe kama chapa, kutoka mwisho. Niligeuza. Kisha nikasimama bila kukusudia, kiti kikaanguka.

Usiku sita wa kwanza ulikuwa na nyeupe na buluu, bila nyekundu hata moja. Wakati huo mtoto alimeza vidonge vya zahanati vilivyosagwa. Vilipokwisha, bibi alinunua chupa ya dawa ya maji, tamu, ya aina nyingine. Tangu hapo buluu ilitokea mara kumi na moja, na kati ya hizo kumi na moja, tisa zilikaa na nyekundu. Usiku usio na buluu ulikuwa mara tano, na nyekundu ilikuwa moja tu.

"Ile moja?"

"Mafua. Alikuwa na homa."

"Mama, vaa viatu."

"Leo Jumapili, jirani, zahanati imefungwa."

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kelele. Asubuhi tulikuwa wa tatu kwenye foleni, Kifungo katikati yetu akimweleza kila mgonjwa kwamba plasta yake ina mfupa ndani. Daktari alikuwa binti mdogo, nami nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa. Lakini aliutandaza utepe mezani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia kuhesabu. Akauliza dawa ilipimwaje. Bibi akatoa kifuniko cha chupa chenye mistari. Daktari akampima mtoto uzito. Kipimo kilikuwa sahihi.

"Bibi, nani kakufundisha hii?"

"Nguo."

Daktari alicheka, kisha akawa makini. Alisema hofu hizi za usingizini huwapata watoto wengi wadogo, na wengi huziacha wakikua. Homa huziamsha, na uchovu, na usingizi uliokatwakatwa.

"Na dawa?" nikauliza.

"Mzee wangu, siwezi kuapa. Inawezekana. Utepe huu umeuliza swali zuri, ila haujalijibu. Labda ni dawa, labda usiku anaopewa dawa ndio usiku anaoumwa, na maumivu ndiyo yanayomvuruga. Tufanye hivi: plasta ina wiki tatu na zaidi, maumivu yamepungua. Tuiache hii ya maji. Akiumwa, mrudishieni vile vidonge, kwa kipimo nitakachoandika. Alale mapema. Na akishtuka msimtikise kumwamsha. Kaeni karibu, asijiumize, itapita."

Nilitoka pale nikitembea kama kijana. Bibi Sindano alinivuta shati: "Polepole, jirani, ukivunjika sina utepe wa kukutosha."

Jumatatu nyeupe. Jumanne nyeupe. Kila asubuhi alifungua dirisha na kunionyesha uzi kutoka ng'ambo ya ua, nami nilipiga kikombe kwa kijiko. Jumatano nyekundu, fupi, dakika tatu. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, nyeupe.

Jumapili shangazi alikuja na begi, kubwa, jipya. Bibi Sindano hakubishana. Alimkalisha, akautandaza utepe, akamweleza kila rangi, na ya Jumatano hakuificha.

"Mama, uzi si ushahidi. Uzi unaushona unavyotaka." Alipitisha kidole, kisha kikasimama. "Hapa mbona hapana kitu? Siku mbili, hata nyeupe hamna."

"Siku hizo alilala kwako, mwanangu. Mimi sishoni nisichokiona."

Kifungo alikuwa chini ya meza akiuvalisha mkasi kofia. Shangazi alilitazama begi, akalisogeza kwa mguu nyuma ya kiti chake.

"Naomba sindano," akasema.

"Uzi gani?"

"Buluu. Niliendelea na chupa uliyonipa." Alitunga uzi. "Na nyekundu. Zote mbili. Kila usiku. Niliwaza, ni mateso ya huku yanamfuata mpaka kwangu. Sikumwambia kaka."

Alishona vibaya, mishono kama meno ya mbwa. Bibi alimtazama mpaka akamaliza, akakata uzi kwa meno.

"Sasa mpigie kaka yako, mbele yangu."

Alipiga. Kifungo alibaki, na begi lilirudi tupu. Plasta ilipotolewa, utepe ulikuwa na nyekundu moja zaidi, na mpaka leo hakuna anayejua sababu yake.

Mwaka uliofuata wazazi wa mtoto walipata nyumba na kuwaita wote wawili. Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa mchana wa jua kali. Shangazi aliendesha, bibi kakaa mbele na kichwa cha cherehani mapajani, hakumwamini mtu nacho, na mkono wa cherehani ameufunga kwa ule utepe ili usizunguke. Kifungo alikuwa nyuma juu ya mafurushi ya tepe za watu, ananipungia mkono uliowahi kuvunjika, akiniamuru nisimwibie msumari wake. Gari liliunguruma, likatikisika, likapiga honi. Kabla halijafika kona, mtoto alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Bibi alitoa mkono dirishani. Kati ya vidole alishika uzi mweupe.